Komeo la Kabibi

Kabibi alishika ufunguo wa kanisa lao, bara ya Magarini, miaka kumi na tisa, na jamani, mwanamke yule alikuwa mkali! Ukiingia na tope miguuni, ufagio ulikuwa halali yako. Hata tangi la maji alilitia kufuli, wasiobatizwa wasije wakachota. Watu walimwogopa kuliko mchungaji, na hilo lilimpendeza sana.

Jumamosi moja, kesho yake askofu akitarajiwa, alikuwa amepiga deki mpaka sakafu inang'aa aliposikia mayowe. Akachungulia dirishani. Mzee Mwaringa alikuwa akija mbio, shuka imechanika, na nyuma yake vijana kama thelathini wenye mapanga. "Mchawi! Mchawi!" Wapwa zake mwenyewe ndio walioongoza. Mzee huyu hakuwa wa kanisa. Alitambikia koma, mizimu ya wazee wake. Kila mwezi alipaka nywele rangi nyeusi, maana siku hizi kwetu mvi ni hukumu ya kifo. Safari hii rangi ilimwishia, mvi zikachomoza, na mtoto wa jirani akaugua wiki hiyo hiyo. Basi, kesi ikaisha.

Mzee akabisha. "Mwanangu, nifungulie!"

Kabibi akasukuma komeo. Ndiyo, alilisukuma lifunge! "Hapa si pako, mzee! Kesho askofu anakuja!"

Akabisha tena. Kisha panga likamshukia begani, mwili ukaanguka mlangoni kwa kishindo. Damu ikapenya chini ya mlango, ikatambaa kwenye sakafu. Na Kabibi, Mungu amrehemu, akachukua tambara akaanza kuipangusa. Akapangusa, ikaja nyingine, ya moto mkononi. Hapo ndipo akili ilipomrudia, akalia kwa sauti.

Akafungua. Akamvuta mzee ndani kwa kwapa, akasimama mlangoni yeye. Panga lililokuwa limekwisha kuinuliwa likaondoka na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto. Hakubanduka.

"Nahashon!" alimwita aliyelishika panga, mwimbaji wa besi katika kwaya yao. "Kesho utamwimbia nani? Malizia na shingo, kisha nenda ukaimbe!"

Nahashon akaviona vidole pale kizingitini, panga likamponyoka. Jiwe likampasua Kabibi kipaji cha uso, jingine likavunja kioo, naye akaendelea kuwaita kwa majina yao ya ubatizo, mmoja baada ya mwingine, mpaka wakaanza kurudi nyuma. Polisi walipofika walikuta mapanga yametupwa njiani.

Mzee alipona, ila mkono mmoja ulilemaa. Askofu alimsifu Kabibi madhabahuni. Wiki ya tatu Kabibi akaenda kumwona mzee hospitalini Malindi, amebeba uji. Mzee akanywa, akautazama mkono wa Kabibi uliofungwa bendeji.

"Ahsante, mwanangu. Lakini mbona ulikawia? Nilibisha mara mbili."

"Nilikuwa nalinda sakafu, baba."

Mzee akamnyooshea kikombe amwongeze.

Kabibi aliporudi aling'oa komeo, na kufuli la tangi pia. Siku hizi mtu akimsifu, humwonyesha matundu ya misumari mlangoni.

"Usinisifu," humwambia. "Mungu alikuwa nje na yule mzee, anabisha. Mimi nilikuwa ndani, napangusa."