Jina Nililomficha Mpelelezi

Mpelelezi alikuwa ametundika kibali chake ukutani, chenye picha yake na muhuri wa serikali. Angekiweka kabatini, labda mdogo wangu ningemkuta hai. Nasema hivi bila uchungu. Uchungu ulinikauka zamani.

Alikuwa Mbelgiji mnene, kazi yake kutafuta watu waliopotea na waume waliotoroka. Mimi nilimshonea mke wake nguo, hapa Élisabethville. Mdogo wangu alikuwa amekwenda migodini, na mwaka mzima ukapita bila habari. Mama akaanza kudhoofika, kila asubuhi akiniuliza kama mwanawe ameandika. Nikamwomba yule bibi aniombee. Mumewe akakubali anitafutie, nami nimshonee mapazia ya ofisi.

Siku ya kwanza alinikaribisha kitini, jambo ambalo sikulizoea kwa mzungu.

"Uniambie yote, mama," alisema kwa Kiswahili chake cha Katanga. "Hata ile ya aibu. Mi hapana polisi. Kama unaficha kitu, mi natafuta mutu mwingine."

Nikampa jina, kijiji chetu karibu na Pweto, kovu juu ya nyusi. Halafu nikautazama ule muhuri, nikanyamaza. Kwetu kila chenye muhuri kilikuwa cha serikali, na mdogo wangu alikuwa na kesi na serikali: aliwahi kutoroka mkataba, kosa hilo likaandikwa katika kitabu chake cha kazi, na hakuna aliyemwajiri tena. Ili aandikwe tena, alichukua kitabu na jina la kaka yetu mkubwa, ambaye alikuwa ameshafariki. Wengi walifanya hivyo. Marehemu hana haja na kitabu, tulisema, na tukacheka.

Basi mpelelezi akatafuta miezi mitano. Alifika hadi Jadotville, akawaandikia mapadri, akazunguka kambi za wafanyakazi na daftari lake. Kila Jumamosi aliniambia hakuna kitu, nami, mkanda wa kupimia shingoni, niliitikia, "Ndiyo, Bwana." Nilimwona anavyochoka bure. Nilijichukia, lakini woga ulinizidi.

Mama alipoacha kula, nilimwambia mpelelezi habari ya kitabu. Hakunigombeza. Aliliandika jina la marehemu polepole, akavaa kofia, akatoka. Alirudi kabla sijamaliza pindo la pazia moja.

"Alikuwa hapa hapa, mama. Ku hospitali, ugonjwa ya kifua. Miezi ine. Balimuzika, wiki tatu imepita."

Ukuta wa hospitali hiyo nilikuwa nikipita kando yake kila Jumamosi nikija ofisini. Mara moja nilisimama pale nitoe mchanga kiatuni. Sikulia. Nilimaliza pindo, nikayatundika mapazia, nikahakikisha yamelingana. Mpelelezi alinishukuru. Hata hilo halikuniuma.

Nyumbani nilimwambia mama yote, pamoja na habari ya kitabu. Mama akauliza:

"Pale ku kitanda, balikuwa banamuita jina gani?"

"Ya yaya, kaka mukubwa," nikajibu.

"Basi yeye mwenyewe, hapana mutu alimuita," akasema, akageukia ukuta.