Plagi ya Nne

Gari langu lilikwenda sevisi likiwa zima, likarudi zima, likalala nyumbani siku mbili. Jumatatu asubuhi naliwasha, linatetemeka mpaka kioo cha pembeni kinacheza ngoma peke yake.

Na hakuna mtu aliyeligusa. Ndivyo nilivyoamini, na kwa kuamini hivyo nikamharibia maisha mtu asiye na kosa.

Naitwa Mathias. Sasa hivi ni babu, ila mwaka 1995 nilikuwa kijana mwenye pikapu. Mwenye pikapu pale Makote, Newala, alikuwa mtu wa kuheshimiwa sana, hasa na yeye mwenyewe.

Wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa kuingia kwenye korosho. Bei ikachangamka, baba yangu Mzee Selestini akauza vizuri, tukanunua Toyota ya mtumba. Mikorosho ilikuwa ya mzee, lakini gari nikaliita langu.

Fundi wangu alikuwa Dunstan, mtu wa Njombe aliyehamia Newala na mkewe Devotha na mtoto wao Filemoni. Gereji hakuwa nayo. Alikuwa na kibanda cha mabati stendi, sanduku la spana na turubai la kulalia chini ya magari.

Alichokuwa nacho kuliko wengine ni jina. Madereva walimwachia ufunguo wakaenda kula bila wasiwasi. Ndiye aliyenifundisha mimi kuendesha, na siku nilipoingiza gari la watu kwenye shamba la mihogo, alisema ni yeye. Rafiki wa namna hiyo humpati mara mbili.

Jumamosi ile nilimpelekea oili, eya klina na plagi nne mpya nilizonunua Masasi, zenye mstari wa bluu kwenye kauri. Akaanza kazi, nikaenda kunywa chai.

Niliporudi, injini ilikuwa inanguruma taratibu. Alikuwa ameweka kikombe juu yake, na maji yaliyomo yalikuwa yametulia.

"Baba Josephina, hii sasa nenda nayo hata Songea," akaniambia.

Jumapili nikaenda misa kwa miguu na mke wangu Claudia na binti yetu Josephina. Gari likabaki uani, na mzee akabaki nyumbani.

Jumatatu ndiyo hiyo niliyowaambia.

Likiwa kwenye mwendo lilikuwa na nafuu, ila nikisimama tu linamisi, linatetemeka, linazima. Nikapandisha sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, kwa bisibisi. Likanguruma kwa hasira, kisha likazima vilevile. Nikasafisha kabureta. Nikakagua mipira yote ya hewa, nikashika nyaya moja moja na kupigwa shoti kama mjinga. Hola.

Kitu pekee ambacho sikufungua ni plagi. Za nini, na ndiyo kwanza zimewekwa?

Wakati mimi nahangaika uani, nilisikia bomba la mzee, lile la injini la kupulizia dawa ya salfa, likinguruma shambani. Lilikuwa limemgomea wiki nzima, na ugonjwa wa ubwiri unga ulikuwa umeshaanza kushambulia maua ya mikorosho. Siku hiyo lilikuwa limekubali, na mzee alirudi mchana amejaa vumbi la njano mpaka kwenye kope, anacheka. Nikaona wivu. Hata bomba la mzee lilikuwa linanizidi.

Nikaona Dunstan nitamchosha, acha nishuke Masasi, nina mzigo wa watu wa kupeleka. Nilizimikiwa mara nyingi sana njiani. Abiria wa nyuma wakaanza kuulizana kama gari hili lilinunuliwa au liliokotwa.

Masasi kulikuwa na fundi anaitwa Hamidu. Hakuuliza mengi. Akachomoa nyaya za plagi moja moja injini ikiwa inawaka. Ya kwanza, injini ikayumba. Ya pili na ya tatu, vilevile. Alipochomoa ya nne, injini haikuonyesha dalili yoyote.

"Huyu hapa hafanyi kazi," akasema, akachukua spana.

Plagi tatu zilikuwa na mstari wa bluu. Ya nne ilikuwa kuukuu, nyeusi tii, imelika mdomo.

"Nani amekufanyia sevisi?"

Nikamtaja. Hamidu akatabasamu tu, akanipa plagi ile mkononi. Tabasamu lile likaniuma kuliko gharama yote.

Wadau, kutoka Masasi hadi Newala nilikuwa nachemka. Nilijiona bwege. Rafiki yangu amenyofoa plagi yangu mpya, akapachika takataka, halafu akaniambia niende Songea.

Ningeweza kumwita pembeni. Sikumwita. Nilisimamisha gari katikati ya stendi, madereva wote wapo, nikamtupia ile plagi miguuni.

Nikamwita mwizi. Nikasema na mambo ya watu wa kuja, wanaopokelewa vizuri halafu wanatuibia. Maneno hayo mpaka leo nikiyakumbuka nasikia aibu.

Dunstan aliiokota, akaigeuza, akaitazama kama daktari.

"Mimi nimefunga nne mpya," akasema polepole. "Mathias, tangu Jumamosi gari limelala wapi?"

"Unataka kusema nyumbani kwangu kuna mwizi?"

"Nauliza limelala wapi."

Lilikuwa swali la fundi, swali pekee lenye akili siku ile. Mimi nikalichukua kama tusi. Nikawaambia madereva wachunguze magari yao, nikaondoka.

Wakayachunguza. Mtu akishaambiwa ameibiwa, hakosi cha kuona. Huyu akasema betri yake ilikuwa nzima kabla ya Dunstan, yule akasema fani beliti. Ndani ya wiki mbili hakuna aliyempelekea hata baiskeli, na wakambandika jina: Dunstan Plagi. Mwezi wa nane akafunga kibanda, akaondoka na familia yake. Hakuniaga, na nilijiambia kwamba angeniagaje.

Nyumbani nilisema tu kwamba Dunstan ameniibia kifaa cha gari. Mzee akasikitika sana, akasema watu hawana utu. Sikumwambia kifaa gani. Niliona mzee wa jembe atajua wapi mambo ya plagi.

Sasa sikieni.

Mwezi wa kumi, salfa imekwisha, mzee akaleta bomba lake uani alisafishe, aliweke mpaka mwakani. Akatandika gunia, akafungua vitu vyake kimoja kimoja. Mimi nilikuwa nimekaa karibu nakula embe.

Akaweka plagi juu ya gunia. Ina mstari wa bluu.

Nikaweka embe chini.

"Baba, hii umeitoa wapi?"

"Si kwenye gari," akajibu, wala hakuinua kichwa. "Ile yangu ilikufa, madukani Newala hakuna, na maua yanaoza. Gari lina nne, bomba lina moja. Nikaona tugawane. Yangu nikaipachika pale ili tundu lisibaki wazi."

Hakuiba. Gari lilitoka kwenye mikorosho, na yeye alikuwa anaiokoa mikorosho. Kwake injini yenye plagi nne ilikuwa na akiba ya tatu.

Nikamweleza kila kitu, kuanzia Masasi mpaka stendi. Mzee akakaa chini kabisa, mikono juu ya magoti.

"Mbona hukuniuliza?" akasema. "Ulisema kifaa. Ungesema plagi ningekuambia siku ileile. Plagi naijua tangu hujazaliwa."

Nikaiokota plagi kwenye gunia, nikaitia mfukoni.

Nikamtafuta Dunstan. Nilimpata Masasi, maeneo ya Mkuti, kwenye ghala la mnunuzi mmoja, anashona midomo ya magunia ya korosho. Spana alishauza. Amekonda, vidole vimechubuliwa na sindano.

Akanipeleka chumbani kwao. Devotha alinijibu salamu, akamchukua Filemoni, akatoka nje. Nikaweka plagi juu ya kitanda, nikapiga magoti, nikasema yote huku nalia.

Dunstan alinisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Mwizi uliniita stendi, Mathias," akasema. "Samahani unaniletea chumbani."

Kesho yake asubuhi nilikuwa stendi ya Newala. Nikapanda juu ya pikapu, nikawatangazia kwamba Dunstan hakuiba, nilikosea mimi, plagi ilikuwa nyumbani kwangu. Nikainyanyua waione. Walisikiliza kwa adabu, wengine wakatikisa kichwa. Niliposhuka, dereva mmoja, mtu mwema tu, akanishika bega.

"Kumbe Dunstan Plagi wa watu alionewa," akasema.

Nikarudi Masasi. Nikamwambia Dunstan kwamba nimesema mbele ya wote, kibanda kipo, spana nitamnunulia mpya, arudi. Hakuacha kushona.

"Siku hizi wananiitaje?" akauliza.

Nikatazama chini. Akavuta uzi, akaukata kwa meno, akasogeza gunia jingine.

Niliporudi baada ya msimu, chumba kilikuwa na mpangaji mwingine. Wengine walisema wamekwenda Tunduru, wengine wakasema wamerudi Njombe. Nilifika Njombe mara mbili. Sikumpata.

Mzee alifariki miaka minane baadaye, na kila msimu wa salfa aliuliza kama fundi ameonekana. Gari nililiuza, plagi ninayo kwenye droo.

Gari lako likianza kutetemeka baada ya sevisi, kabla hujamgeukia fundi, waulize kwanza wa nyumbani kwako, hata yule unayedhani hajui kitu. Na ukiuliza, taja kitu chenyewe kwa jina lake. Mimi ningetaja neno moja tu mezani, Dunstan angekuwa fundi mpaka leo.