Jogoo wa Kukhu na Mlango wa Alfajiri

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, nilimtoa jogoo wa nyanya yangu nyumbani bila ruhusa, tukampeleka na mjomba kwenye mashindano ya kuwika. Kosa hilo nilishaliungama kanisani, na ninaamini Mungu alinisamehe siku ile ile. Lakini liko pande lake moja ambalo sijawahi kuliungama, maana mpaka leo sijui kama ni kosa. Hilo ndilo linaloniandikisha haya.

Tulikaa Kaloleni, kwenye zile nyumba za zamani za kanjo, baraza la jiji. Tulikuwa watatu: nyanya, mama na mimi, Nekesa. Nyanya tulimwita Kukhu, kama wanavyoitwa kwetu magharibi. Baba yangu, mwanawe, alikuwa tanboi, msaidizi wa dereva, wa malori ya masafa marefu. Safari yake ya mwisho ya nyumbani alirudi na kifaranga ndani ya mfuko wa koti, akampa Kukhu akacheka, "Huyu ataitwa Kondakta. Sikiliza mdomo wake, atajaza gari huyu." Kisha akapanda lori lake akaenda. Kifaranga kikawa jogoo. Baba hakurudi, wala hatukupata neno lake, zuri wala baya.

Watu wa kwetu hufuga jogoo wa namna hiyo kwa ajili ya sauti. Hatusemi anawika, tunasema anaimba. Kondakta alianza chini, akapanda, halafu akauvuta mwisho wa wimbo mpaka ukajiuliza hiyo pumzi anaitoa wapi. Kukhu aliamini kwamba jogoo wa nyumba huita watu wa nyumba. Aliye mbali husikia moyoni, alisema, hata kama masikio hayajasikia kitu. Ndiyo maana kila alfajiri, Kondakta akianza tu, Kukhu aliamka, akajifunga leso, akafungua mlango, akasimama kizingitini mpaka wimbo uishe.

"Asije akafika akakuta komeo," alikuwa akiniambia.

Mama yangu aliuza mboga sokoni Kariobangi, na usingizi wake ulikuwa mchache. Mlango ukifunguliwa aligeukia ukutani akajifunika. Mimi nilidhani anachukia baridi.

Siku hizo wafugaji wa majogoo walikutana Jumapili baada ya ibada, kwenye uwanja nyuma ya holi ya mtaa. Kila mtu alimleta wake chini ya tenga lililofunikwa gunia lililoloweshwa maji, gizani, ili gunia likitolewa jogoo adhani kumepambazuka. Mwamuzi alikuwa mzee aliyestaafu reli, tukimwita Mzee Firimbi. Jogoo akianza, naye alipuliza firimbi yake kwa pumzi moja. Jogoo aliyeendelea baada ya firimbi kukatika, huyo ndiye jogoo. Wengine wote, walisema, ni supu inayotembea.

Kukhu hakutaka hata kuyasikia mashindano hayo. Kaka ya mama, Anko Wafula, fundi wa mabati, alimbembeleza sana.

"Mama, huyu jogoo ni jina letu! Watu wa hapa watatuheshimu."

"Huyu ana kazi yake, Wafula."

"Kazi gani? Kulala juu ya meko?"

"Kuita. Jogoo akishajibizana na majogoo wa watu, anasahau kuita. Anabaki kujibu tu."

Anko akaniangalia akanikonyeza. Mimi nilikuwa nawaza jambo lingine kabisa. Nilijiuliza, ikiwa Kondakta anaita kila siku na baba haji, basi huenda sauti inakwama. Nyumba zimebanana, na huo mlango ni mdogo. Je, akiimbia uwanjani, peupe, watu wakiwa wamenyamaza wote wanamsikiliza? Ibada nzima ya Jumapili iliyofuata nilikuwa namweleza Mungu habari hiyo. Kukhu alipobaki kwenye mkutano wa akina mama, nikakimbia nyumbani, nikamkamata Kondakta mwenyewe, nikampelekea Anko.

Nilimwambia nataka Kondakta ashinde. Sikumwambia kwamba ninachotaka ni asikike.

"Niaje, Wafula!" mwenye jogoo mmoja alipaaza sauti. "Hiyo umeleta kushindana ama umeleta kuchemsha?"

"Wewe tafuta leso ya kufutia machozi," Anko akamjibu.

Gunia likatolewa. Kondakta akapepesa macho, akanyoosha shingo, akaanza. Mzee Firimbi akaanza naye. Mashavu yakamvimba mzee, shingo ikatoka mishipa, firimbi ikaanza kutetemeka, ikakatika. Kondakta bado. Uwanja ulikuwa kimya kama wakati wa maombi. Mimi sikuwa namwangalia. Nilikuwa naangalia njia inayoingia estate, nikiwa na hakika kabisa kwamba baba atatokea pale na koti lake.

Watu wakapiga kelele, Anko akanibeba juu. Majogoo wengine wakafunuliwa, wakaimba, na Kondakta akamjibu kila mmoja.

Kukhu alitukuta nyumbani, sufuria tuliyopewa kama zawadi ya ushindi ikiwa mezani. Hakuigusa. Alichukua jogoo wake, akampangusa upanga wa kichwani kwa kidole.

"Amejibu wangapi?"

"Wote, Mama! Amewamaliza wote!" Anko akajibu.

"Haya," Kukhu akasema. Hakunichapa wala hakuniuliza. Afadhali angenichapa.

Tangu siku hiyo Kondakta hakuwa na saa. Akisikia jogoo wa jirani, anaimba. Akisikia kengele ya shule, anaimba. Akawa anaimba mchana jua likiwa utosini. Na kila alipoimba, Kukhu aliinuka. Aliacha mchele anaochagua, aliacha nguo ndani ya povu, akaenda kufungua mlango, na kama ulikuwa wazi tayari, alikwenda kusimama hapo tu. Majirani wakaanza.

"Kukhu, leo mgeni amefika?"

"Bado yuko njiani," aliwajibu, akitabasamu kwa adabu.

Nilimwona akizeeka kwa sababu ya kuinuka kule. Magoti yalimuuma. Kuna siku alishika ukuta mpaka mlangoni, na alipofika wimbo ulikuwa umekwisha zamani. Nilitamani kumwambia akae, lakini ningemwambiaje, mimi niliyemharibu jogoo?

Halafu ikaja jioni moja ya mvua. Tulikuwa tunakula, ugali na mboga zilizosalia sokoni. Kondakta akaanza kuimba, wimbo mrefu kuliko hata ule wa uwanjani. Kukhu akakata tonge, akalifinyanga, akalichovya. Hakuinuka.

Nilimkodolea macho. Jogoo bado anaimba, na Kukhu anatafuna.

Aliyeinuka ni mama. Mama, ambaye miaka yote hiyo alikuwa akigeukia ukutani. Alikwenda na mkono mchafu wa ugali, akafungua mlango kwa kiwiko, akasimama pale akiangalia nje mpaka wimbo ukaisha, na hata ulipoisha hakuondoka mlangoni. Nje hapakuwa na mtu, ila mtoto wa jirani amejifunika karai kichwani anakimbia mvua.

"Funga, mama Nekesa," Kukhu akamwambia taratibu. "Baridi inaingia."

Mama akafunga. Akaweka komeo. Tukamaliza kula.

Kondakta hatukumla. Alizeeka akafa, na Kukhu naye tukampeleka kwetu kumzika. Baba hakuonekana mazishini. Mchungaji wangu anasema kwamba jogoo haiti mtu, anatangaza tu kuwa ni asubuhi, na mimi namwamini. Najua pia kwamba sisi ndio tuliomzoeza kuimba ovyo, wala baba hakupotea kwa ajili ya mashindano. Lakini ninapopiga magoti alfajiri, hilo pande nisiloliungama hunirudia. Kutotii nimeshatubu. Kuamini ndiko nisikojua nifanye nako nini. Nilimwamini Kukhu kuliko alivyojiamini mwenyewe, nikataka kuusaidia wimbo wake, na kwa kuusaidia nikamfundisha kukaa chini jogoo akiimba.

Sikuombi unihurumie. Nakuomba jambo moja tu. Kama wewe ni mtu uliyeondoka kwenu na kuna anayekungoja, tuma neno. Hata kama ni baya, hata kama hurudi, tuma.