Live na Alive Kwenye Simu Moja

Simu ililia nikiwa kwenye foleni ya maji, katika kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya. Namba ilikuwa ya Uganda. Mwanamke nisiyemjua akaniuliza kwa Kiingereza kama mimi ni mtoto wa mama fulani, akataja jina la mama yangu. Nikasema yes. Akasema: "She is alive. She lives near me." Laini ikakatika.

Mama tulipotezana naye Kalengera, tulipokuwa tunakimbia vita kutoka Kiwanja. Risasi zilisikika, watu wakatawanyika, na nilipogeuka hakuwepo. Sasa habari zake zimefika kwa lugha ambayo nilikuwa sijaishika vizuri!

Niliacha bidoni langu la maji palepale, nikakimbilia kwa jirani yetu, mkimbizi mwenzetu aliyekuwa akifundisha Kiingereza Kiwanja. Nilimkuta akikaza turubai la kibanda chake.

"Papa mwalimu! Alive ni nini? Na lives?"

"Sema sentensi yote kwanza."

Nikazisema sentensi zote mbili, nikihema. Kamba ikamponyoka mkononi.

"Mama yako ni muzima!"

"Na lile la pili? Si ni neno lilelile?"

"Hapana!" Alikuwa amechangamka kama yuko mbele ya darasa. "Alive ni kivumishi, adjektifu yenu ya Kifaransa. Inasema mutu yuko namna gani: ni muzima, hajakufa. Hapa haisimami bila is. Live ni kitenzi. Ile s ni ya yeye, mama. Mara nyingine ni kuishi, lakini hapa amesema near me, karibu naye, basi ni kukaa. Umepewa habari mbili, mwanangu! Mama ni muzima, na kuna mutu anayejua anakaa wapi!"

Nikapiga kelele mpaka majirani wakatoka mbio. Mama mmoja akajishika kichwa, "Nani amekufa?"

"Hakuna! Mama ni muzima!" Nilikuwa nacheka na machozi yananitoka.

Mwalimu akanipa uniti zake za kupigia simu. Nilipiga ile namba tena na tena, na hatimaye yule mwanamke akampa mama simu, nikasikia sauti yake mwenyewe, kwa Kinande chetu, akiuliza kama nimekula. Nikamnyoshea mwalimu simu. Akaishika, akamsalimia, akamwambia nimekonda lakini niko salama.

Barabara iliyokuwa imefungwa na vita ilipofunguka nilimfuata Uganda. Alinipokea kwenye kituo cha basi amevaa kitenge cha kuazima, akanishika mashavu, akaanza kuimba palepale mbele za watu.