Runingu Ilikuwa Mbali

Kabla sijakanyaga Runingu, nilikuwa nimeshakwenda Guangzhou mara sita. Zamani nilijisifu sana kwa hilo. Nauza vikwembe, yaani vitenge, katika soko la Uvira, na kila nikirudi safari, wenzangu wa meza za jirani walikuwa wanaacha wateja wao waje kunisikiliza: vitambaa vizuri viko ghorofa ya ngapi, treni za chini ya ardhi zinakwendaje, Wachina wanakula nini asubuhi. Walinitania wakaniita Mchina. Nami nilicheka, nikaongeza chumvi.

Na Runingu je? Ukitoka Uvira kwa moto, yaani pikipiki, ukaipita Kiliba na kushika bonde la Ruzizi, saa mbili haziishi umefika. Ndiko alikozaliwa mama yangu. Kila mwaka alikuwa ananiambia, "Siku moja twende pamoja, uone kwetu," na kila mwaka nilikuwa na jibu: mvua, barieri za wanajeshi, mzigo wangu uko njiani. Woga ule haukuwa uongo mtupu, maana barabara ya bonde imeona mengi. Lakini nyanya nilizokuwa napika zilishushwa sokoni asubuhi ile ile na wanawake waliopita barabara hiyo hiyo, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na pasipoti. Niliwauliza bei tu, sikuwauliza njia.

Mama alipougua, alituomba jambo moja. Hakutaka kulala kwenye makaburi ya mjini. Alitaka kuzikwa Runingu, kando ya mama yake, nyuma ya nyumba anayokaa dada yake, mama mukubwa wetu. Nilimshika mkono nikamwambia ndiyo, mama. Mdogo wangu wa kiume alikuwa amesimama pale pale, akasikia.

Alikufa Jumanne. Mimi nilikuwa na tiketi ya ndege ya Jumapili, kutokea Bujumbura, na visa iliyobakiza siku chache. Mdogo wangu akapiga simu Runingu: chimbeni, kesho tunamleta. Mimi nikakaa pembeni nikaanza kupanga siku kichwani. Gari la kubeba jeneza, karatasi za ruhusa, barieri, halafu kilio cha kule ambacho mtoto mkubwa hawezi kukiacha katikati. Nisingewahi ndege. Nikasimama nikawaambia njia si salama, tumzike hapa hapa. Mimi ndiye mkubwa, hakuna aliyenibishia. Na katika vurugu za matanga kila mmoja alidhani mwenzake ameshawaambia watu wa Runingu wasingoje.

Hakuna aliyewaambia. Jumapili nikapanda ndege. Nililia njia nzima, na nilipofika nikaenda kuchagua vikwembe.

Mwaka ukapita. Mdogo wangu alikuwa ameshahamia Lubumbashi, na mimi nilibaki na lile neno langu, ndiyo, mama, likinirudia kila siku. Kuna siku mteja alikuwa ananiuliza rangi, nami simsikii. Asubuhi moja sikufungua meza kabisa. Nikachukua moto, nikaenda kumwomba mama mukubwa msamaha.

Dereva akanishusha kando ya barabara akaniuliza, "Mama, unaenda kwa nani?" Heee! Mimi ninayejua mlango gani wa kutokea katika vituo vya Guangzhou, nilisimama pale sijui kulia wala kushoto. Nilijua jina la babu tu, basi. Mwanamke mmoja aliyekuwa na kapu la mihogo akasimama, akanikazia macho.

"Weye iko mutoto ya ule mama wa Uvira," akasema. "Munafanana sana."

Akatua kapu lake majanini, akanisindikiza mpaka kwenye ua. Katika safari zangu zote za nje, hakuna aliyewahi kunitambua kwa uso wa mama yangu. Nilitembea nyuma yake nikijifuta macho.

Mama mukubwa alikuwa anamenya mihogo. Nilikuwa nimemwona mara mbili tu maishani, alipokuja Uvira nikiwa mdogo. Akainuka, akanishika mashavu kwa mikono yake yenye unga, akalia kwa sauti. Kisha akaagiza kiti kiletwe. Nikakalishwa ndani, nikaletewa maji ya kunawa na soda, wajukuu wakajipanga mlangoni kunitazama. Hivyo ndivyo anavyopokelewa mgeni wa mbali, na iliniuma, kwa sababu mtoto wa nyumbani angeachwa akae uani na wenzake.

Sikupata nafasi ya kusema nililolijia. Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba. Kulikuwa na kaburi la bibi, la zamani, limedidimia. Kando yake kulikuwa na jingine, limepaliliwa vizuri, lina msalaba wa mti.

"Tulingoja siku tatu, simu haipiti," mama mukubwa akasema. "Shimo haliachwake wazi, litaita mwingine. Basi tukakata mugomba, tukaufunga mu kikwembe, kile ulimuletea kutoka Chine, akanipa minye. Tukauzika. Pasta akaomba. Tukalia sawa iko yeye mwenyewe."

Nikaanza kulia. Nikakaa chini, kwenye udongo.

"Usilie, mutoto wangu. Minye sikukukasirikia hata siku moja. Nilisikia uko mu Chine. Muntu iko mu Chine, atafanya nini? Kama ungekuwa hapa, ungemuleta. Niliwaambia wote: mukubwa wao hayuko, hawa wadogo wameshindwa."

Yaani mwaka mzima mama huyu alikuwa ananitetea mbele ya ukoo. Msamaha nilioufuata ulikuwa umeshatolewa, ila haukuwa wangu. Alipewa binti mwingine, yule aliyekuwa ng'ambo siku mama yake anakufa, akapata habari kwa simu, akalia peke yake hotelini. Nilitamani kuwa yeye, Mungu anajua. Ningeitikia kwa kichwa tu na mambo yangekwisha pale.

"Nilikuwa Uvira," nikasema.

Hakuelewa. Nikarudia.

"Mama mukubwa, nilikuwa Uvira. Nilikuwa nyumbani. Nimemzika mimi mwenyewe, kisha ndiyo nikapanda ndege."

"Uvira?" akauliza. "Hii Uvira yetu?"

"Ndiyo, hii yetu."

Alinitazama usoni. Sikuona hasira, na ningefurahi kuiona. Aliokota jani lililoanguka juu ya lile kaburi la mgomba, akalitupa pembeni, akaniacha pale chini, akarudi uani. Nilimsikia akiendelea kumenya mihogo yake, kisu kikikwaruza taratibu.

Niliporudi uani, majirani walikuwa wameshafika. Yule mwanamke wa mihogo alikuwa ameeneza habari. Wakaja wazee wawili, wakaja wanawake wa kanisani, na kijana mmoja mrefu aliyenisalimia kwa mikono miwili akasema, "Minye ndiye nilichimbaka, mimi na ndugu yangu. Tulichimba siku nzima, kulikuwa mawe." Nikafungua mdomo kumjibu. Niliona ni haki yake kusikia ukweli kutoka kwangu, yeye kuliko wote.

Mama mukubwa akaweka kisu chini. Akaja akasimama karibu nami, bila kunitazama, bila kunigusa.

"Ndiye huyu mukubwa wao," akawaambia. "Ile siku alikuwa mbali."

Wakaja kunipa pole, mmoja mmoja, kwa mikono miwili. Nami nikazipokea zote.