Yaya Aliyetetemeka

Siku hizi za kungojea uhuru watu wanaogopana. Kwenye sekondari ya misheni nilimkuta padri akieleza mpango mpya: wakubwa na wadogo watalala chumba kimoja, na kila mdogo atapewa yaya, yaani kaka mkubwa, wa kumlinda.

Tata mmoja, baba mhamiaji kutoka Kasai, hakuachia mkono wa mwanawe. Akamuuliza yaya aliyepewa, kijana mrefu wa Kilunda, mwenyeji wa huku:

“Kama banakuya kufukuza batu ba Kasai, utafanya nini?”

Padri akacheka. Kijana akamjibu:

“Tata, bale batakuya ni bandugu yangu. Mi naogopa. Lakini nitasimama ku mulango.”

Akainua sanduku la mtoto. Mikono ilitetemeka hadi kufuli likagongagonga. Ndipo tata akaachia.

Huyo hata mimi ningemwachia mtoto. Yule aliyecheka, nisingemwachia hata kuku.