Nyumba ya Mbao Isiyo na Mama

Tak! Kimya. Tak-tak! Jua likizama Lodwar, mbao za nyumba ile zilianza kupoa na kila boriti ikatoa sauti yake. Mpaka leo, hapa Kakuma, nikiwa nasuka wateja nywele, naisikia.

Ilijengwa na wakoloni: fremu ya mbao zilizotoka mbali kwa lori, ikainuliwa juu ya nguzo ili mchwa wasiipande, na varanda kuizunguka. Baadaye wakaishi maofisa. Mama aliwafulia na kuwapikia, kwa hiyo sisi tukapewa chumba cha nyuma. Mimi nilijiona nimezaliwa ikulu. Nilishapanga: nikikua naipaka rangi ya samawati, naweka kiti varandani, nakunywa chai ya maziwa mengi.

Nyanya alipokuja kututembelea kutoka Namoruputh alikataa kulala ndani. Kwetu nyumba hujengwa na mwanamke, na siku ya kuhama yeye ndiye huifungua, ufito mmoja mmoja.

"Hii alijenga nani?" aliuliza.

"Wanaume," mama akajibu.

"Ejok, vyema. Basi walale wanaume."

"Nyanya, hii ni yangu!"

Akacheka mpaka akakohoa. "Yako? Umefunga kamba gani? Hii haina mama. Siku yake ikifika itapigwa kama fisi."

Akajijengea kibanda cha majani ya mkoma uani, akalala fofofo.

Mwaka huu mama akanipigia simu: wanaibomoa, wajenge ofisi ya mawe. Nilifunga kazi nikapanda gari la asubuhi. Njia nzima niliomba nisikute imeshapigwa. Nilikuta mabati yametolewa, kuta bado zimesimama, nyundo kubwa ziko tayari.

"Fundi, nakuomba, niache nitoe ubao mmoja kabla hamjapiga."

"Kwani wewe ni kontrakta?" vijana wake wakadakia. "Na hizo kucha za rangi?"

"Hizi kucha zimesuka vichwa vigumu kuliko hizo mbao."

Fundi mwenyewe akacheka, akanipa nyundo ya kung'olea misumari. "Haya, dada. Sisi tunaenda kula. Tukirudi, tunaanza."

Wakaondoka, tukabaki wawili, mimi na nyumba. Nilichagua ubao wa ukuta wa chumba chetu. Nikang'oa msumari mmoja, nikang'oa mwingine, polepole, kama mwanamke anayefungua fito siku ya kuhama, ubao usije ukapasuka. Ukaachia. Nikaubeba kwa mikono miwili, nikaulaza kivulini, upande wa ndani ukiangalia juu.